Mwongozo kamili wa kutunza jenereta ya akiba, nyumbani na kwenye biashara

Jenereta ya akiba huharibika zaidi ikiwa imekaa kuliko ikiwa inafanya kazi. Petroli inakaukia ndani ya kabureta, betri inaisha chaji, unyevu unaingia kwenye nyaya, panya wanatafuna mipira ya mafuta, na hakuna anayejua mpaka siku umeme unapokatika. Tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokosa umeme, baadhi ya majengo ya abiria ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, yalibaki gizani kwa sababu jenereta ya akiba iligoma kuwaka. Likiweza kuukuta uwanja wa ndege wa kimataifa, litalikuta pia bucha lenye friza mbili.

Tutazungumzia zaidi jenereta ndogo za petroli, za kVA 2 hadi 7 (kVA ni kipimo cha uwezo wa kutoa umeme), zenye silinda moja na kamba ya kuvuta, maana ndizo zilizojaa madukani, saluni na majumbani, na mwenyewe anaweza kuzihudumia kwa spana chache. Za dizeli zina sehemu yake huko chini.

MAHALI INAPOKAA NA INAVYOUNGANISHWA

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Kila mara zinasikika habari za familia iliyolala jenereta ikiwa barazani au stoo na haikuamka. Kufungua dirisha hakutoshi. Iweke nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, likiwemo la jirani, na ekzosi itazame upande usio na watu. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu jenereta ikiwa inanguruma, mtoeni nje kwanza, maswali baadaye.

Wengi hufunga jenereta ndani ya kizimba cha vyuma kwa kuogopa wezi. Kizimba ni sawa kikiwa na nafasi ya mita 1 kila upande na matundu ya kutosha. Kikibana, injini inavuta hewa ileile ya moto iliyoitema, oili inakuwa nyepesi, na nyaya za ndani zinaungua kabla ya wakati wake. Paa la bati juu yake linatosha kwa mvua. Usiifunike turubai ikiwa inafanya kazi, wala mara tu baada ya kuizima.

Kuunganisha umeme wa jenereta kwa kuchomeka waya wenye plagi mbili kwenye soketi ya ukutani ni kosa linaloua. Umeme unarudi kwenye laini, unapanda kupitia transfoma, na fundi wa TANESCO, ZECO au Kenya Power aliyepo juu ya nguzo akiamini laini imezimwa anaupokea mwilini. Na umeme wa laini ukirudi ghafla, jenereta yako nayo inaungua. Weka chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta, inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ifungwe na fundi mwenye leseni, ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya. Chenjiova ya mkono ya ampea 63 inatosha nyumba nyingi. Fundi huyohuyo aangalie pia jinsi ya kuweka ethi (waya wa ardhini) ya jenereta, maana ufungaji wake hutegemea ethi ya nyumba ilivyo.

IWASHE HATA UMEME UKIWEPO

Mara moja kila wiki mbili, au isizidi mwezi, iwashe kwa dakika 20 hadi 30 ikiwa imebeba mzigo halisi, angalau nusu ya uwezo wake. Kuiwasha dakika tano bila mzigo na kuizima kunaleta hasara: injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na masizi yanajaa kwenye plagi ya injini, ile inayotoa cheche. Pasi, birika la umeme au hita ya maji ni mzigo mzuri wa majaribio.

Utaratibu ni huu:

1. Iweke pasawa, kagua oili na petroli, angalia kama kuna mpira unaovuja au uliotafunwa.
2. Zima breka ya jenereta, yaani swichi inayokata umeme unaotoka, ili isibebe kitu. Fungua bomba la mafuta, funga choki ikiwa injini ni ya baridi, kisha vuta kamba taratibu mpaka uisikie nzito, ndipo uvute kwa nguvu. Rudisha kamba kwa mkono, usiiachie ijipige.
3. Ikiwaka, fungua choki polepole. Subiri dakika 2 au 3.
4. Pima volti. Ikiwa kati ya 220 na 240, washa breka na uongeze mzigo kimoja kimoja. Anza na vyenye mota, yaani friji, friza na pampu, kwa sababu mota ikianza huvuta mara 3 hadi 5 ya umeme wake wa kawaida. Friza ya wati 200 inaweza kudai wati 800 kwa sekunde moja ile ya kuanza.
5. Kuzima: ondoa mzigo wote, iache itembee bure dakika 2 au 3 ipoe, kisha funga bomba la mafuta na uiache ijizime yenyewe kwa kukosa petroli. Halafu weka swichi kwenye OFF.

Hatua ya mwisho ndiyo inayookoa kabureta, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Kuhusu uwezo: namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni kiwango cha juu ambacho mashine inakimudu kwa muda mfupi tu. Soma kibandiko cha kiwandani, tafuta kiwango cha kazi ya kudumu, kisha panga mzigo wako usizidi asilimia 80 yake.

OILI

Injini hizi ndogo hazina filta ya oili wala pampu ya kuisukuma. Oili inarushwa na kijiko kinachozunguka ndani, kwa hiyo ikipungua au ikichafuka, kila kitu kinasagika kwa pamoja. Jenereta mpya imwagwe oili baada ya saa 20 za mwanzo, kwa sababu oili hiyo ya kwanza inatoka na unga wa chuma. Baada ya hapo vitabu vya kiwandani vinasema kila saa 100 au miezi 6, kimoja kitakachotangulia. Kwenye vumbi na joto la kwetu tunashauri saa 50. Oili ni rahisi kuliko pistoni.

Saa hizo huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Zanzibar ilipokaa bila umeme wa gridi kwa karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu ya waya wa baharini, jenereta zilizonunuliwa za akiba zikageuka kuwa za kila siku. Ukiiendesha saa 8 kwa siku, saa 100 zinatimia kabla wiki ya pili haijaisha.

Namna ya kubadilisha:

1. Washa injini dakika 5 ili oili ipate joto itoke na uchafu wake, kisha zima na uchomoe kofia ya plagi.
2. Weka beseni chini, fungua kifuniko cha kujazia, halafu bolti ya kumwagia. Inamisha jenereta kidogo mpaka itone tone la mwisho.
3. Angalia oili iliyotoka. Nyeusi ni kawaida. Yenye rangi ya maziwa ina maji. Yenye kumetameta ina chuma, na hapo ni kazi ya fundi. Inayonuka petroli kali maana yake kabureta inavujisha petroli hadi ndani ya injini, na usiiwashe tena mpaka hilo litengenezwe.
4. Rudisha bolti pamoja na pete yake bapa (washa), usiikaze kwa hasira, nyumba yake ni ya aluminiamu na meno yake hukatika.
5. Jaza oili ya injini za petroli ya mistroki minne, SAE 30 au 10W-30. Honda GX200 na zilizoigwa kwake, yaani nyingi za kVA 2 hadi 3, hula lita 0.6. GX390 na ndugu zake, za kVA 5 hadi 7, hula lita 1.1.

Hapo kwenye lita 0.6 ndipo watu wengi hukosea. Wananunua chupa ya lita 1 na kuimimina yote. Oili ikizidi inapanda hadi kwenye eya klina (kichujio cha hewa), plagi inalowa, na jenereta inatoa moshi mweupe wenye rangi ya bluu. Kipimo sahihi: jenereta ikiwa pasawa kabisa, oili ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia, karibu kumwagika. Ukipima kwa kijiti, kiingize bila kukikaza uzi.

Jenereta ikigoma kuwaka ghafla na plagi haitoi cheche, kagua oili kabla ya kufungua chochote. Nyingi zina kihisio kinachokata moto oili ikishuka, na hata ikiwa imekaa upande tu kihisio hicho hukata.

Zile ndogo kabisa za mistroki miwili, zinazokunywa petroli iliyochanganywa, hazina oili ya ndani. Kwenye uwiano wa 50 kwa 1, kila lita 1 ya petroli inawekwa mililita 20 za oili ya tu-stroki. Ukisahau kuchanganya, pistoni inaganda.

PETROLI NA KABURETA

Hapa ndipo asilimia kubwa ya matatizo ya jenereta za akiba yanapotokea. Petroli iliyokaa inapoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowaka kirahisi, na kinachobaki kinageuka utomvu wa rangi ya asali unaoziba matundu ya kabureta. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, mwezi mmoja hadi miwili ndani ya bakuli la kabureta unatosha. Unyevu nao huingia kupitia mfuniko wa tangi, maji yanazama chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na tangi linaanza kupata kutu kwa ndani.

Kwa hiyo: usihifadhi petroli zaidi ya utakayomaliza kwa mwezi. Itunze kwenye dumu la chuma au la plastiki nene lililotengenezwa kwa mafuta, lenye mfuniko unaobana, kivulini, nje ya nyumba. Dumu la maji ya kunywa au la mafuta ya kula si la petroli. Mimina kwa faneli yenye chujio. Usijaze tangi jenereta ikiwa inawaka wala ikiwa bado ya moto, subiri dakika 15. Petroli iliyozidi mwezi imwage kwenye pikipiki au gari ili itumike, kisha weka mpya.

Kabureta iliyoziba ina dalili zake. Jenereta inawaka choki ikiwa imefungwa tu, ukiifungua inazima. Au inapanda na kushuka sauti peke yake bila mzigo. Au inatembea vizuri bure, lakini ukiwasha friji inazimika. Dalili mbili za kwanza mara nyingi ni njia ndogo ya mafuta, ya tatu ni jeti kubwa.

Kuisafisha:

1. Funga bomba la mafuta, chomoa kofia ya plagi, kaa mahali penye hewa na pasipo moto wala sigara.
2. Chini ya kabureta kuna bakuli lililoshikwa na bolti moja, kwa kawaida spana namba 10. Weka kikopo chini, fungua, shusha bakuli. Ukiona maji, kutu au utomvu, umeshampata mhalifu.
3. Juu ya bakuli kuna boya. Chomoa kipini chake taratibu na ushike sindano ndogo inayoning'inia, isipotee. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya kuchakaa, ndiyo sababu petroli inavuja.
4. Katikati kuna jeti ya shaba ndani ya bomba. Ifungue kwa bisibisi bapa inayoenea vizuri kwenye mfereji wake.
5. Tazama tundu la jeti kwenye mwanga. Unapaswa kuona duara safi. Lizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya wa umeme. Pini au waya wa chuma unalipanua tundu, na tangu siku hiyo jenereta itakula mafuta na kutoa moshi mweusi.
6. Nyunyizia dawa ya kabureta kwenye kila njia, halafu pulizia upepo wa kompresa. Vaa miwani, dawa hiyo hurudi usoni.
7. Rudisha kwa mpangilio uleule. Oringi (pete ya mpira) ya bakuli ikiwa imevimba au kukatika, weka mpya.
8. Fungua bomba la mafuta, subiri dakika 2, angalia kama kuna tone linalovuja, ndipo uwashe.

Fungua pia kikombe kidogo cha uchafu kilichopo chini ya bomba la mafuta, kama mashine yako inacho. Ukisafisha kabureta na kuacha tangi lenye kutu, utairudia kazi hiyohiyo baada ya wiki.

Ukijua haitatumika zaidi ya mwezi, mwaga petroli yote tanki na bakuli, toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili safi kwenye tundu lake, vuta kamba mara mbili tatu polepole, rudisha plagi, kisha vuta mpaka kamba iwe nzito na uishie hapo. Kamba ikiwa nzito maana yake valvu zimefunga, na unyevu hauingii kwenye silinda.

EYA KLINA NA PLAGI

Sponji ya eya klina ioshwe kwa maji ya sabuni kila saa 50, ikaushwe kivulini, idondoshewe oili safi kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi, ipulizie kutoka ndani kwenda nje, na ikiwa nyeusi ibadilishe. Karibu na kiwanda cha mbao au barabara ya vumbi, ikague kila wiki.

Plagi itolewe injini ikiwa ya baridi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu ni choki iliyobaki imefungwa au eya klina chafu. Iliyolowa oili ni oili iliyozidi au ringi zilizochoka. Nafasi ya cheche iwe milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi yenye namba BPR6ES inaingia kwenye nyingi za aina hii. Anza kuikaza kwa vidole, malizia kwa nusu mzunguko wa spana ikiwa mpya. Kila saa 300, au mara moja kwa mwaka, fundi mwenye filageji (vibati vya kupimia nafasi) apime nafasi ya valvu: kwenye GX390 ya kuingiza ni milimita 0.15 na ya kutoa 0.20, zikiwa za baridi.

INAWAKA LAKINI UMEME HAUTOKI

Anza na breka. Ikiwa imeruka, irudishe bila mzigo na upime volti. Ikiwa sifuri au volti chache tu, mambo yanayobaki ni kaboni, AVR (kifaa kinachodhibiti volti) na usumaku. Kaboni mbili zinazogusa pete za rota (sehemu inayozunguka) zikiwa fupi au zimekwama, umeme haufiki kwenye rota. Pete zenye kutu, jambo la kawaida kwa wanaokaa karibu na bahari, zisafishwe kwa msasa laini, injini ikiwa imezimwa. Jenereta iliyokaa miezi mingi bila kuwashwa inaweza pia kupoteza usumaku uliobaki kwenye chuma cha rota. Fundi huurudisha kwa kuchomoa AVR na kugusisha betri ya volti 12 kwenye kaboni kwa sekunde chache, chanya kwa chanya.

Volti zikifika 260, zima mara moja kabla ya televisheni kuungua. Mara nyingi ni AVR, au mtu amegusa gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini. Mashine hizi huzunguka mara 3000 kwa dakika ili kutoa Hz 50. Bila mzigo zitasoma Hz 52 hivi, zikibeba mzigo zishuke karibu na 50. Fundi anayekaza gavana kwa kusikiliza sauti bila mita yoyote mkononi, msimamishe.

YA DIZELI

Jenereta za dizeli za kVA 10 na kuendelea hugoma kwanza kwa sababu ya betri. Pima ikiwa imepumzika: volti 12.6 ni nzima, 12.2 ni nusu, 12.0 imechoka. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata (mota ya kuwashia) inazungusha injini, betri hiyo haitafika masika ijayo. Paneli ya kujiwasha yenyewe hula chaji usiku na mchana, kwa hiyo chaja ya ukutani lazima iwepo na ifanye kazi. Safisha vichwa vya betri, paka grisi, ongeza maji ya betri yaliyochujwa kitaalamu tu.

Adui wa pili ni mzigo mdogo. Ofisi inanunua kVA 50 na kuwasha taa na kompyuta chache. Chini ya asilimia 30 ya uwezo, injini haipati joto, dizeli haiungui yote, na ekzosi inaanza kutoa uchafu mweusi wenye mafuta. Ipe asilimia 50 hadi 75, na ikishaanza kutema uchafu huo, ibebeshe asilimia 75 kwa saa mbili tatu chini ya uangalizi wa fundi. Ukiwa bado hujanunua, nunua ndogo inayokutosha.

Dizeli nayo hukusanya maji. Fungua koki ya chini ya kichuja maji kila wiki mpaka itoke dizeli safi, na acha tangi likiwa limejaa baada ya matumizi ili nafasi ya unyevu iwe ndogo. Filta ya dizeli ikiziba, injini inawaka na kuzima baada ya dakika moja. Ukiibadilisha, toa upepo: legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kaza.

Oili 15W-40 na filta yake hubadilishwa kila saa 250 au mara moja kwa mwaka hata kama saa hazijafika. Rejeta iwekwe kulanti (kimiminika cha kupoozea injini), kamwe si maji ya kisima, hasa ya Pwani yenye chumvi, yanayoacha ukoko ndani ya injini. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Bonyeza mkanda wa feni katikati: uingie kama milimita 10, na ukiona nyufa ubadilishe.

Kwa jenereta yoyote, ning'iniza daftari kando yake: tarehe, saa ilizotembea, oili ilipobadilishwa, volti zilizopimwa. Ndani ya kabati la karibu weka plagi moja, oili ya kujaza mara moja, kamba ya kuvuta na oringi ya kabureta. Kwa ya dizeli weka filta za oili na dizeli pamoja na mkanda wa feni, vyote vyenye namba zinazolingana na za mashine yako, kwa sababu maduka ya vipuri nayo hufungwa usiku.